Maswali na Majibu: Saa ya Taa za Nixie, Kuanzia Volti 180 Hadi Betri

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaojitengenezea saa za taa za Nixie, zile taa za kioo zenye namba kumi za waya zilizopangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya gesi ya neoni. Kampuni ya Burroughs ya Marekani iliziingiza sokoni mwaka 1955, na nyingi zinazopatikana leo ni za Kisovieti zilizobaki bila kutumika. Barua zilizofanana tumeziunganisha kuwa swali moja.

Kabla ya yote, taa hizi zinataka volti 170 hadi 180 za mkondo mnyoofu, na volti hizo zinaweza kuua. Tumia adapta ya volti 12 iliyotengwa kabisa na umeme wa ukutani. Wapo wanaopitisha umeme wa ukutani moja kwa moja kwenye diodi nne ili waokoe gharama ya kibadilishi, yaani mzunguko unaopandisha volti 12 hadi 180. Saa ya namna hiyo kila msumari wake una umeme, na hatutajibu barua inayouliza jinsi ya kuitengeneza. Unapopima, mkono mmoja uwe mfukoni. Ukizima, pima kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme) ya upande wa volti 180 kabla hujagusa kitu.

SWALI: Ni saa yangu ya kwanza. Nimeona taa za IN-12, IN-14 na IN-18. Nianze na zipi?

JIBU: Anza na IN-12. Miguu yake ni migumu na inaingia kwenye soketi, kwa hiyo ukikosea au taa ikifa unaichomoa bila kuyeyusha risasi ya kulehemu. Inasomwa kwa kuitazama kichwani, hivyo bodi yake husimama wima nyuma ya taa. Usishangae ukiona 5 yake ina sura ya ajabu: kiwanda kilitumia umbo la 2 lililopinduliwa.

IN-14 inasomwa ubavuni, inasimama yenyewe, na kwa macho yetu ndiyo inayopendeza zaidi. Taabu yake ni waya 13 laini zinazotoka chini: namba kumi, nukta mbili na anodi, yaani upande wa chanya. Kuziingiza zote kwenye matundu kwa mara moja ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Zikate kwa ngazi, kila waya uwe mfupi milimita 2 kuliko uliotangulia, kisha ingiza mmoja mmoja kuanzia ule mrefu. Usikunje waya karibu na kioo. Acha angalau milimita 5, na wakati wa kuchomelea ubane kwa koleo ndogo kati ya risasi na kioo ili joto lisipande. Kioo kikipata ufa mahali waya unapopita, gesi inatoka na taa imekwisha.

IN-18 ina namba za urefu wa milimita 40, ni ghali, na inakula mkondo mwingi zaidi. Iache kwanza.

Saa ya taa sita inunulie taa nane. Kila moja ijaribu kabla haijaingia kwenye bodi: chanya ya volti 180 ipitie rezista ya kilo-ohm 22 hadi anodi, na waya wa hasi uguse mguu wa kila namba kwa zamu. Namba zote kumi lazima ziwake rangi ya chungwa. Ikitoa zambarau hafifu, au isipowaka kabisa, hewa imeingia.

SWALI: Nimejenga kibadilishi cha volti 12 kwenda 180 kwa chipu ya MC34063. Bila taa, mita inasoma 180. Nikiunganisha taa sita inaanguka hadi 140 hivi, na mosfeti (transista inayowasha na kuzima koili) inaunguza kidole. Nimetumia mosfeti ya IRF640, diodi ya 1N4007, na koili ya mikrohenri 100 niliyoitoa kwenye bodi ya zamani.

JIBU: Katika vipuri vitatu ulivyotaja, kimoja tu, koili, ndicho chenye thamani sahihi, na hata hicho tunakitilia shaka.

Tuanze na diodi. 1N4007 imetengenezwa kwa umeme wa hezi 50 au 60. Hapa inawashwa na kuzimwa zaidi ya mara 30,000 kwa sekunde, na kila mara inachelewa kufunga, kwa hiyo sehemu ya umeme uliokwisha kupanda inarudi nyuma kupitia mosfeti. Weka UF4004, ambayo hufunga ndani ya nanosekunde 50. Mara nyingi badiliko hilo peke yake huondoa nusu ya joto.

IRF640 mwisho wake ni volti 200. Koili ikiachia, drenini (mguu wa mosfeti ulioungwa na koili) inapanda hadi volti za kutokea na kuzidi kidogo, kwa hiyo umebakiwa na nafasi finyu sana. Weka IRF740, ya volti 400. Ila ujue kuwa mosfeti hizi zinataka kama volti 10 kwenye geti, mguu wa kuziwasha, ili zifunguke vizuri. Ukiendesha kila kitu kwa chaja ya simu ya volti 5, zitafunguka nusu na kupata moto.

Koili yenye mikrohenri sahihi inaweza bado kuwa mbovu kwa kazi hii. Kinachohesabika ni ampea inazobeba kabla kiini chake hakijashiba sumaku. Kikishiba, koili inageuka kipande cha waya, mkondo unaruka juu na joto linaishia kwenye mosfeti. Tafuta ya ampea 2 au zaidi. Zile nyembamba zinazofanana na rezista hazifai kabisa.

Kasoro ya nne hukuitaja, lakini tunaikuta kwenye michoro mingi. MC34063 inaweza kusukuma geti juu ila haina nguvu ya kulivuta chini, na mosfeti isiyozimwa haraka huiva. Toa mguu wa 2 wa chipu hadi geti kupitia diodi ya 1N4148. Chukua transista ya PNP, 2N3906 au BC557: emita kwenye geti, besi kwenye mguu wa 2, kolekta kwenye hasi. Malizia kwa rezista ya kilo-ohm 1 kutoka mguu wa 2 hadi hasi.

Vipuri vingine vya mzunguko huu: kapasita ya muda nanofaradi 1; rezista ya kupimia mkondo ohm 0.18, inayokata koili inapofika ampea 1.7 hivi, kapasita ya kuingilia mikrofaradi 470 ya volti 25, iliyokaribiana na koili, ya kutokea mikrofaradi 4.7 ya volti 250 au zaidi. Kwa kurudisha kipimo, weka rezista mbili za kilo-ohm 330 zikifuatana, kisha kilo-ohm 4.7 kwenda hasi. Chipu inalinganisha na volti 1.25, hivyo utapata karibu volti 177. Tunataka mbili badala ya moja kwa sababu rezista ndogo nyingi hazikuundwa kubeba volti zote hizo peke yake. Ongeza kilo-ohm 470 sambamba na kapasita ya kutokea ili iishe umeme ndani ya sekunde chache baada ya kuzima.

Halafu pima mkondo unaoingia. Taa sita za miliampea 2.5 kwa volti 180 ni wati 2.7. Kibadilishi kizuri kinafikia ufanisi wa asilimia 75, kwa hiyo adapta ya volti 12 itoe ampea 0.3 kwa ajili ya taa peke yake. Ukisoma 0.6, zaidi ya nusu ya umeme wako unapasha vipuri moto. Na kama mzunguko huu bado uko kwenye bredibodi (ubao wa kuchomeka vipuri bila kulehemu), uhamishe: njia ya koili, mosfeti, diodi na kapasita inatakiwa iwe ya sentimita chache tu, waya nene.

SWALI: Natumia chipu za K155ID1 kuchagua namba ya kuwaka. Namba 0, 1, 6, 7, 8 na 9 zinatoka sawasawa, lakini 2 inaonyesha 4, na 3 inaonyesha 5. Je, nimeuziwa chipu mbovu?

JIBU: Chipu ni nzima. Namba inaingia kwenye chipu kwa waya nne, A, B, C na D, zenye thamani 1, 2, 4 na 8, nawe umebadilishana waya za B na C. Namba 2 ni B peke yake na 4 ni C peke yake. 3 ni A na B, 5 ni A na C. Sita na saba zina B na C zote mbili, ndiyo maana hazikukuonyesha kosa. Hamisha waya kati ya mguu wa 6 na wa 7.

K155ID1, sawa na 74141 ambayo ndiyo asili yake, ina miguu iliyopangwa bila mantiki yoyote inayokaririka, kwa hiyo tunaiandika yote. Kuingia: A mguu wa 3, B wa 6, C wa 7, D wa 4. Kutokea: namba 0 mguu wa 16, 1 wa 15, 2 wa 8, 3 wa 9, 4 wa 13, 5 wa 14, 6 wa 11, 7 wa 10, 8 wa 1, 9 wa 2. Volti 5 zinaingia mguu wa 5, na hasi ni mguu wa 12. Hapo ndipo wengi wanapounguza: wamezoea chipu za miguu 16 ambazo umeme wake uko pembeni, mguu wa 16 na wa 8, wanaunga hivyo hivyo kwa mazoea.

Msomaji mwingine ameuliza iweje chipu ambayo kutokea kwake kunavumilia volti 60 hivi ikae kwenye saa ya volti 180. Taa ikishawaka, volti kati ya anodi na namba inayowaka hushuka hadi 140 hivi, na zilizobaki zinaishia kwenye rezista ya anodi. Namba zilizozimwa zinapanda zenyewe hadi kama volti 60. Tofauti inayobaki ni volti 80, nazo hazitoshi kuwasha neoni.

Kwa taa sita unahitaji K155ID1 sita na 74HC595 tatu (chipu zinazopokea data kutoka kwa mikrokontrola), kila 595 ikilisha taa mbili. Mikrokontrola yako ikiwa ya volti 3.3, nunua 74HCT595. Ile ya HC ikilishwa volti 5 inadai kama 3.5 ndipo iitambue kuwa moja.

SWALI: Rezista ya anodi iwe ya ngapi? Kila mchoro una thamani yake. Mimi nimeweka kilo-ohm 33, na vichwa vya namba vinabaki giza.

JIBU: Toa volti za taa inayowaka kwenye volti za kibadilishi, kisha gawa kwa mkondo unaoutaka. Kwa IN-12 na IN-14: 180 toa 140 ni 40, gawa kwa miliampea 2.5, unapata kilo-ohm 16. Weka 15 au 18. Kwa kilo-ohm 33 taa yako inapata miliampea 1.2 tu, na mkondo mdogo hauwezi kufunika namba nzima kwa mwanga.

Ukishaweka, pima volti kwenye ncha mbili za rezista yenyewe. Ukisoma 37 kwenye kilo-ohm 15, mkondo ni miliampea 2.47, na hapo huna haja ya kubahatisha tena. Mkondo ukizidi utaona mwanga ukitambaa kwenye waya zinazoshikilia namba na ukungu wa bluu ukiongezeka. Bluu hafifu peke yake si ugonjwa: taa nyingi zimetiwa zebaki kidogo ili zidumu. Kwa sababu hiyo hiyo, taa ikivunjika fungua madirisha na uokote vipande kwa karatasi, si kwa mashine ya kufyonza vumbi.

Kila taa iwe na rezista yake. Rezista moja kwa taa sita haifanyi kazi, kwani ya kwanza kuwaka inazinyima nyingine.

SWALI: Nimeokoa chipu kwa kuwasha taa kwa zamu. Sasa nyuma ya kila namba naona kivuli cha namba ya taa ya jirani.

JIBU: Gesi haizimiki papo hapo, na transista za upande wa anodi nazo huchelewa kufunga. Programu yako inabadilisha namba wakati taa iliyopita bado ina umeme. Panga hivi: zima anodi, subiri mikrosekunde 200, badilisha namba, ndipo uwashe anodi ya pili. Ukiipa kila taa milisekunde 2, zamu nzima ya taa sita ni milisekunde 12, yaani mara 83 kwa sekunde, na jicho halioni kupepesa.

Kivuli kikibaki, tazama kinachowasha anodi. Optokapla (swichi zinazowashwa kwa mwanga) za TLP627 ni rahisi kuunga lakini zinajizima polepole. Ongeza muda wa kusubiri. Ukitumia transista ya MPSA92 juu na MPSA42 ya kuiendesha, hakikisha kuna kilo-ohm 100 kati ya besi na emita ya MPSA92, la sivyo inabaki imefunguka kidogo.

Maoni yetu: kwa taa sita, kila taa na chipu yake ndiyo njia bora. Kwa zamu, kila taa inawaka sehemu moja ya sita ya muda, na ukitaka mwanga uleule itabidi uipige mkondo mkubwa kwa vipindi vifupi. Chipu ulizookoa hazilingani na taabu hiyo.

SWALI: Saa ina mwaka na zaidi. Taa ya makumi ya saa, nikiitumia kuonyesha tarehe, 3 inawaka vipande vipande.

JIBU: Kwanza hakikisha si mkondo. Namba ileile ikikatika kwenye taa zote, tatizo liko kwenye kibadilishi au rezista. Ikikatika kwenye taa moja tu, namba hiyo imefunikwa uchafu. Namba inayowaka hurusha chembe za chuma zake, nazo hutua kwenye jirani zisizowaka. Taa ya makumi ya saa haionyeshi ila 0, 1 na 2, kwa hiyo namba saba zilizobaki zinakaa bila kazi zikipakwa chuma siku zote.

Ili kuifufua, iwashe 3 peke yake kwa miliampea 4. Rezista ya kilo-ohm 10 kwa volti 180 inakupa hizo. Iache saa kadhaa ukiikagua, na ikihitaji siku nzima vumilia. Sehemu zilizokufa zitaanza kurudi kwenye kingo kuelekea katikati. Usipandishe mkondo hadi waya wa namba wenyewe uonekane kuiva.

Kisha weka kinga kwenye programu: usiku, dakika kumi, taa zote zizungushe namba zote kumi, na makumi ya saa ipate muda zaidi. Kuzizima wakati hakuna mtu chumbani nako kunaongeza umri wa taa. Kihisi cha mwendo kikiwa na kazi ya kusimamisha kibadilishi, kinatosha.

SWALI: Saa yangu ni ya taa za kijani za IV-11. Taa ya kwanza inang'aa, ya sita ni hafifu. Nimeunga nyuzi za joto zote kwa mfuatano.

JIBU: Mfuatano ndio kosa. IV-11 haina neoni. Ni taa ya ombwe, na uzi wake mwembamba wa volti 1.5 na miliampea 100 ndio unaotoa elektroni. Ukizifuatanisha sita, uzi wa taa ya mwisho unakaa volti 7.5 juu ya ule wa kwanza, kwa hiyo kati ya volti 25 za anodi unabaki na 17.5 tu. Ziunge sambamba: volti 1.5, jumla ampea 0.6, kutoka kibadilishi kidogo cha kushusha volti.

Zima taa ya chumba utazame nyuzi. Ukiona zimekuwa nyekundu, volti ni nyingi mno, punguza. Gridi ya kila taa ipewe volti 25 inapotakiwa kuwaka; ukiiacha ikielea utapata mwanga wa madoadoa. Doa la fedha ndani ya kioo likigeuka jeupe, hewa imeingia, na hakuna dawa.

SWALI: Saa inapoteza dakika nzima kwa mwezi, na betri ya kidude cha saa imevimba.

JIBU: Haya ni mambo mawili. Kupotea kwa dakika kunaonyesha unatumia chipu ya saa ya DS1307 au kristali ya kawaida. Kosa la sehemu 20 kwa milioni ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Kristali ikiwa karibu na koili ya kibadilishi, mambo huwa mabaya zaidi, maana inaokota kelele na kuhesabu mapigo yasiyokuwepo. DS3231 ina kristali yake ndani na inarekebisha kwa joto. Kosa lake ni sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzijoto 0 na 40, yaani kama dakika moja kwa mwaka.

Betri iliyovimba inaonyesha kuwa kidude chako kina njia ya kuchaji, kama vilivyo vingi vya DS3231 vinavyouzwa kwa bei nafuu. Diodi moja na rezista ya ohm 200 zinapeleka umeme wa volti 5 kwenye betri, na CR2032 haichajiwi. Toa betri leo. Tafuta rezista ndogo iliyoandikwa 201 karibu na diodi ya kioo, ing'oe kwa pasi ya kulehemu, kisha weka CR2032 mpya. Kubadilisha kuwa LIR2032 inayochajiwa hakusaidii, kwani baada ya diodi bado zinabaki karibu volti 4.4, na betri hiyo mwisho wake ni 4.2.